Nilimwomba Mungu Aniponye Bila Radio

Bwana asifiwe, ndugu zangu, nyinyi mlioko kwenye mabenchi ya mbele na nyinyi mliobaki mlangoni. Ilianza siku ya Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, katika somo la kemia. Najua saa hiyo kwa sababu mwalimu alikuwa ameandika ubaoni kwamba jaribio linaanza saa nne kamili, na mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani nikiomba isimame. Haikusimama. Badala yake nilikohoa. Kikohozi kimoja tu, kikavu, kama mgeni anayegonga mlango kwa kidole kimoja.

Naitwa Divine, nina miaka kumi na sita. Wengi wenu mnanijua kama yule msichana wa sauti ya pili anayesimama nyuma ya Mama Consolate kwenye kwaya. Nasimama pale kwa sababu Mama Consolate ni mpana, ananificha vizuri. Nimemsomea sentensi hiyo jana, akacheka, akasema niiache. Ushuhuda huu niliuandika kwanza kwenye daftari langu la mambo ya kila siku, na leo nausoma tu. Mkiona siinui macho, si dharau. Nikiinua macho nitapotea mstari.

Ndugu zangu, maisha yangu kabla ya ugonjwa huu yalikuwa maisha ya kujificha. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua, nilikuwa naandika jibu kwenye kiganja changu, halafu nalifuta kwa mate. Bombani nilisubiri watu wote wachote, hata waliokuja nyuma yangu. Siku ya kugawa chakula, jina la familia yetu likiitwa kwa kipaza sauti, nilimsukuma Bella mbele aseme "Tupo." Bella ni mdogo wangu. Ana miaka sita, haogopi mtu wala mbwa. Tunalala kitanda kimoja, na miguu yake ni baridi kama ya chura. Nyumbani tuko watatu: mama, mimi na Bella.

Kwa hiyo kikohozi kilipokuja, sikumwambia mtu. Jumatano kilikuwa vikohozi viwili viwili. Alhamisi nikapata homa, mifupa ikauma kama nimelima heka nzima. Ijumaa sikwenda shule. Mama alinichemshia majani machungu, akanifunika blanketi juu ya sufuria nivute mvuke, na kwenye duka la karibu akaninunulia vile vidonge vya rangi mbili ambavyo sisi wakimbizi wote hapa Nakivale tunavijua, vya kila ugonjwa. Nilimeza vyote. Kikohozi kilikaa kama vile kimelipa kodi ya nyumba.

Jumapili nilikuja kanisani hivyo hivyo, maana nilijiambia sauti ya pili itapungukiwa. Kwenye wimbo wa shukrani nilivuta pumzi ili niimbe, pumzi ikaishia njiani. Nikafungua mdomo na kuufunga kama samaki. Hakuna aliyeona, kwa sababu nilikuwa nyuma ya Mama Consolate.

Jumatatu mama hakwenda shambani. Mnajua mama analima mashamba ya watu kule Rugaaga, na siku asiyokwenda ni siku asiyolipwa. Alinishika mkono, akasema, "Leo sikuulizi. Tunakwenda." Tukaenda kituo cha afya.

Pale nesi alinibana kidole kwa kile kidude kidogo kinachowaka taa nyekundu. Kinahesabu hewa iliyoko kwenye damu. Kikaandika tisini na mbili, wakati asiye mgonjwa hupata tisini na tano kwenda juu. Daktari akaiangalia ile namba, akanisikiliza mgongoni, akasema na mkalimani kwa Kiingereza cha haraka. Mkalimani wetu ni Papa Musafiri, Mkongomani, mtu wa heshima na wa tumbo kubwa. Mimi Kiingereza nakisikia, lakini daktari alikuwa amegeukia dirishani na mimi nilikuwa nakohoa, hivyo nilisikia tu maneno ya Papa Musafiri. Alimwambia mama hivi:

"Mama, banasema mutoto iko na shida ku mapafu. Kesho asubui gari inaenda Mbarara. Kule batamupitisha ku radio, bajue ni nini iko mule ndani. Shika hii karatasi muzuri. Bila karatasi dereva hakubali muntu."

Mama akaitika, "Radio, sawa. Mungu asaidie."

Ndugu zangu, nilishika neno moja tu. Kupitishwa kwenye radio! Kwetu radio ni ile ndogo yenye waya uliofungwa na kijiti, ambayo mama anasikiliza jioni akichambua maharage. Ndani yake wanatangaza watoto waliopotea, vitambulisho vilivyookotwa, na watu waliokufa. Na nilikumbuka wakati wa korona, nilipokuwa bado mtoto, kila jioni ilisema wagonjwa wapya ni wangapi. Nikaunganisha mambo yote haya kichwani, nikapata jibu, na jibu lilikuwa na akili kabisa: mtu mwenye ugonjwa wa mapafu anapelekwa Mbarara, anawekwa mbele ya kile chuma cha kusemea, anataja jina lake, anasema anakohoa tangu lini na amemkoholea nani, ili wote waliokaa naye wajitokeze. Wilaya nzima isikilize. Darasa langu lote lisikilize.

Ningeweza kumuuliza mama. Swali moja tu lingemaliza kila kitu. Lakini mtu mwenye haya, ndugu zangu, anaona swali ni mlima.

Jioni ile mambo yalizidi. Mama alikuwa anampigia simu shangazi, nikamsikia: "Kesho Divine anapita radio Mbarara. Ndiyo, kifua chote. Wanasema hakuna kitu kitakachofichika." Halafu Mama Consolate akaja kutusalimu, akaketi kwenye jerikeni, akaniambia kwa upole, "Usiogope, mwanangu. Hata mimi nilipita radio kule Burundi, nikiwa msichana kama wewe. Haiumi hata kidogo. Dakika mbili, umemaliza."

Nilimtazama kwa mshangao. Mama Consolate alipita kwenye radio, na hajawahi kujisifu? Yeye ambaye akipata kilo ya sukari kijiji kizima kinajua?

Basi nilifanya dhambi, na nimekuja kuiungama mbele yenu. Mama alipotoka nje kuzima moto, nilichukua ile karatasi ya kwenda Mbarara, nikaiweka ndani ya daftari la kemia, kati ya kurasa mbili ambazo hata mimi mwenyewe sizisomi. Kisha nikaomba. Nilipiga magoti nikasema, "Mungu wangu, niponye, lakini niponye bila radio."

Sikilizeni ombi hilo. Nilimpangia Mungu njia ya kupita.

Asubuhi ya Jumanne mama aliigeuza nyumba. Aliinua magodoro, akamwaga unga wa mahindi kwenye beseni, akatafuta hata ndani ya viatu vyangu vya shule. Nje alimkuta mbuzi wa Mama Consolate anatafuna kitu cheupe karibu na mlango wetu. Hapo ndipo palipoharibika.

"Mama Consolate!" mama aliita. "Mbuzi wako amekula karatasi ya mtoto wangu!"

"Mbuzi wangu?" Mama Consolate alitoka na mwiko mkononi. "Mbuzi wangu anakula majani, jirani. Karatasi anakula mbuzi wa mtu asiyelisha."

"Mtazame mdomoni!"

"Mtazame wewe. Mimi najua nimemzaa nani."

Bella alicheka sana aliposikia kwamba Mama Consolate amezaa mbuzi. Mimi sikucheka. Gari liliondoka saa mbili, nikalisikia likipanda kilima, na wale majirani wawili waliosali pamoja miaka tisa wakaacha kusalimiana kwa sababu yangu. Mama alirudi kituoni kuomba karatasi nyingine. Aliambiwa daktari ametoka, arudi kesho.

Jumatano asubuhi mama alinigusa paji la uso. Nilijikaza, nikamwambia, "Mama, leo naona afadhali." Nilikuwa nimejifunza kumeza kikohozi mpaka macho yatoe machozi. Akaniamini, maana sikuwa na historia ya uongo. Akasema anakimbia Rugaaga kumaliza kipande alichoanza, atarudi saa tisa, tupite kituoni pamoja. Akaniacha na Bella.

Sasa nataka mjue jinsi nilivyopima pumzi yangu. Kila siku nikiwa mzima nasema Salamu Maria nzima kwa pumzi moja. Ni mchezo wangu tangu utotoni, Mungu anisamehe kuufanya mchezo. Siku ile nilichukua rozari. Nikasema "Salamu Maria, umejaa neema," nikasimama kuvuta pumzi. Nikaanza tena. Mara ya pili nilifika "Salamu Maria" tu. Mara ya tatu nilisema "Salamu," na neno lililofuata halikupata hewa ya kutokea.

Nilikuwa nimekaa kitandani, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu anayesukuma baiskeli kilimani. Bella aliniletea maji kwenye kikombe. Akanitazama kwa karibu sana, pua kwa pua, kama kawaida yake.

"Dada," akasema, "mbona umekula kalamu?"

"Kalamu?"

"Midomo yako ya bluu."

Nikatazama kucha zangu. Nazo zilikuwa za bluu. Ndipo nikaelewa kwamba siwakwepi tena wenzangu wa darasani wala majirani. Nilikuwa najificha mbali na watu waliotaka kuniokoa, na huko nilikojificha hewa ilikuwa inaisha. Na Bella alikuwa bado amesimama pua kwa pua nami, yeye ninayelala naye kila siku, na kwa mara ya kwanza nilimsukuma mbali kwa mkono. Alikasirika. Nilimwambia kwa maneno mawili mawili, "Kimbia. Kamwite. Mama Consolate."

Mama Consolate alikuja, ugomvi na yote. Hakusalimia, lakini alikuja mbio kiasi kwamba kandambili moja ilibaki njiani. Wakati huo huo mama naye aliingia kutoka shambani, jembe begani. Nilinyoosha mkono, nikafungua daftari la kemia, nikatoa ile karatasi, nzima, bila hata kukunjika.

Mama aliitazama. Akamtazama Mama Consolate. Mama Consolate akatazama dari.

"Yezu Mariya," mama alisema polepole. "Na mimi nimemtukana mbuzi wa watu."

"Mbuzi atasamehe," Mama Consolate akajibu. "Mfunge mtoto kitenge, twende."

Mama hakuniuliza kwa nini niliificha. Nadhani alifikiri naogopa sindano. Walinibeba wawili mpaka barabarani, tukapata boda, mimi katikati, mama nyuma akinishika, na Mama Consolate akarudi kukaa na Bella. Kituoni kile kidude cha kidole kiliandika themanini na nne. Nesi alikimbia kumwita daktari. Wakaniweka mipira ya hewa puani, wakampigia dereva simu, na gari la wagonjwa likaja bila kusubiri ratiba. Daktari alimwambia mama, mkono ukiwa kifuani, na Papa Musafiri akatafsiri: "Mungekawia mupaka kesho, tungekuwa tunasema maneno ingine."

Ndani ya lile gari, ndugu zangu, ndipo Mungu alipovunja kiburi changu. Ndiyo, haya nayo ni kiburi, nimeligundua hilo. Mtu anajiona ni mkubwa kiasi kwamba dunia nzima itaacha kazi imtazame yeye. Nililala chali, barabara ikinirusha, mama ameshika mtungi wa hewa usigonge. Nikasema moyoni, "Bwana, basi. Kama ni radio, iwe radio. Nitaongea." Na nilikuwa na maana hiyo. Nilianza hata kuandaa maneno. Niliyapanga hivi: "Naitwa Divine. Natoka Nakivale. Naomba msamaha kwa wote niliowakoholea, hasa dawati la tatu." Nilirudia mpaka tukafika Mbarara, na moyo wangu ukatulia kabisa, jambo ambalo sikulielewa, maana mapafu yangu hayakuwa yametulia.

Tulifika hospitali kubwa jua likielekea kuzama. Wakaniweka wodini kwenye kitanda cha dirishani. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mtoto mmoja mwenye nimonia na mama yake, anaitwa Mama Brayani, mke wa askari kutoka kambi ya jeshi pale Mbarara. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alizungumza kile Kiswahili cha jeshi kinachotembea kwa buti. Alimwona mama analia kimya kimya, akamsogezea kiti.

"Nyabo, mama yangu, hapa hakuna kulia. Ona mtoto yako iko nakula pumzi ya serikali. Bure kabisa. Mimi bwana yangu miaka kumi na mbili kwa jeshi, hajawahi kupewa kitu bure kama hii."

Mama alicheka huku machozi yakiteremka. Tangu hapo wakawa marafiki, na chai yao ikawa ya chupa moja.

Jioni ile mhudumu wa maabara alikuja amevaa barakoa na miwani. Alikuwa na kijiti kama vile vya kusafishia masikio, lakini kirefu kama kalamu. Akakiingiza puani kwangu. Kilikwenda, kikaendelea kwenda, mpaka nikafikiri kinatafuta masomo yangu. Akakizungusha, akakitoa, akakitia ndani ya kichupa chenye maji ya rangi ya waridi, akaandika jina langu. Akanipa na kikopo nitoe makohozi, akachukua damu mkononi. Nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Mbona vitu vitatu?" Akajibu, "Kwa sababu kikohozi kina baba wengi. Tunamtafuta aliyekizaa."

Mama aliniambia baadaye alichokuwa anaogopa. Aliogopa kifua kikuu, kwa sababu kilimmaliza dada yake, na korona, kwa sababu jina lake peke yake linatisha. Yeye alikuwa anaomba kwa majina ya magonjwa, mimi nilikuwa narudia hotuba.

Alhamisi asubuhi, baada ya uji, wakaja na kiti cha magurudumu. Mhudumu akasema, "Tunaenda eksirei." Nikaenda bila wasiwasi wowote. Eksirei naijua, tumesoma kwenye fizikia. Nilijua radio itafuata baadaye, labda mchana, watu wakiwa wanasikiliza.

Chumba kilikuwa na baridi. Fundi wa eksirei, kijana wa Kinyankore mwenye aproni nzito, alimwambia mama asimame nje ya mlango. Mimi nikavaa gauni la hospitali, nikasimama mbele ya sahani ya chuma.

"Kidevu hapa juu. Kifua bandika kwa hii sahani. Mabega mbele. Sawa. Vuta pumzi. Shika. Usipumue."

Nilishika kadiri nilivyoweza, ambayo haikuwa kadiri kubwa. Mashine ikanguruma kidogo, ikafanya "tak."

"Pumua. Imekwisha."

Ilikuwa imekwisha kweli. Alinirudishia mpira wa hewa, akanisaidia kukaa. Na mimi, ndugu zangu, nikaona huu ndio wakati. Nikakusanya ujasiri wote niliokuwa nao, nikainua macho, nikamuuliza kwa heshima:

"Samahani, mzee. Radio ni saa ngapi?"

"Radio?" akasema. "Radio gani? Wewe nataka kusikiza mupira?"

"Ile ya kuongea. Nimeshajiandaa. Nina maneno yangu tayari."

Alinitazama, akaufungua mlango, akamwita mama. "Nyabo, mtoto yako anasema anataka kuongea kwa radio. Kwenu iko muimbaji?"

Mama akaniuliza kwa Kirundi ninasema nini. Nikamweleza yote: kile chuma cha kusemea, wilaya nzima, dawati la tatu, karatasi kwenye kemia. Nilimwona anafungua mdomo. Akaufunika kwa kitenge. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, akateleza, akakaa chini kwenye sakafu ya hospitali.

"Mtoto wangu," alisema alipopata sauti, "radio ndiyo hii. Umekwisha kupita."

Kumbe kwa Kifaransa, na kwa wazee wetu wote wa Burundi na Kongo waliosoma kwa Kifaransa, picha ya eksirei inaitwa radio. Mama alijua hivyo, Papa Musafiri alijua hivyo, Mama Consolate alipita hiyo hiyo alipovunjika mkono akiwa msichana. Mimi peke yangu, niliyekulia Uganda na kusoma kwa Kiingereza, nilikuwa nimekimbia jina la kitu, wala si kitu chenyewe. Siku mbili nzima nilikimbia mashine iliyonichukua dakika mbili.

Habari ilitutangulia wodini. Tuliporudi Mama Brayani alikuwa ameketi ananisubiri. "Mtangazaji karibu," akasema. "Leo utatusomea nini, bei ya matoke?" Na mimi nilijibu. Sikumbuki mara nyingine niliyomjibu mtu mzima utani. Nilisema, "Matoke imepanda, lakini pumzi bado bure." Wodi nzima ikacheka, hata mtoto wake mwenye nimonia.

Mchana daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, alitubandikia picha yangu kwenye ubao wa taa. Niliona mbavu zangu zimepangwa kama kitanda cha fito, na moyo wangu umeinama kidogo upande, kama vile nao una haya. Alinieleza kwa Kiingereza, mimi nikamtafsiria mama. Pafu lisilo na ugonjwa linaonekana jeusi kwenye picha, kwa sababu limejaa hewa. Yangu juu yalikuwa meusi, lakini chini, pande zote mbili, palikuwa na ukungu mweupe.

"Kwa hiyo weusi ndio uzima?" mama akauliza.

"Mimi nilisema siku zote," Mama Brayani akaitikia kutoka kitandani kwake.

Daktari akaendelea. Picha inaonyesha nyumba inaungua chumba gani, alisema, lakini haisemi nani aliwasha moto. Magonjwa kadhaa yanaweza kuleta ukungu unaofanana. Hiyo ndiyo kazi ya maabara. Mama akamshika mkono kabla hajamaliza, akauliza mwenyewe kwa Kiswahili, "Ni kifua kikuu?"

"Makohozi yamesema si kifua kikuu," daktari alijibu. "Na kijiti cha puani kimesema si korona. Ni virusi vya influenza, mafua makali, vimeshuka mpaka mapafuni."

Mama alikaa. Alitoa rozari, hakuisali, aliishika tu kama mtu anayeshika mkono wa rafiki. Daktari akatuambia kwamba vile vidonge vya rangi mbili tulivyonunua dukani havipigani na virusi hata kidogo. Walinipa dawa ya virusi, hewa ya mtungi na uji wa maziwa. Akasema pia neno moja ambalo sikulitafsiri mara moja, kwa sababu lilinichoma: kila anayelala nami apimwe, hasa mtoto mdogo. Nilimshika mama mkono, kisha nikatafsiri.

Siku kwa siku hewa ilirudi. Ijumaa kidole kilisema tisini. Jumamosi tisini na tatu. Jumapili asubuhi walinitoa mpira puani, nikalala nikitazama dirisha, nikasema Salamu Maria yote, mpaka "saa ya kufa kwetu, amina," kwa pumzi moja. Sikufanya mchezo safari hii. Mama aliisikia, akageukia ukutani.

Jumatatu tulirudi nyumbani. Mama aliteremka garini na jani kubwa la kabichi kutoka soko la Mbarara, akaenda moja kwa moja kwa Mama Consolate, akampa mbuzi mkononi, yaani mdomoni. Mama Consolate alisema mbuzi amekubali, na wale wawili wakakumbatiana juu ya mgongo wa mnyama.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu. Nilimwomba aniponye bila radio, naye hakunisikiliza, na kwa kutonisikiliza aliniokoa. Nilifikiri uponyaji utakuja kama upepo usioonekana. Ulikuja na sahani baridi ya chuma, kijiti cha puani, na watu wenye miwani wanaotafuta jina la adui kwenye kichupa. Namshukuru kwa ajili yao wote. Na wewe unayekohoa wiki ya pili, unayemeza vidonge vya jirani, unayeogopa neno ulilolisikia nusu, nakuomba: uliza. Uliza hata kama sauti yako inatetemeka. Mtumaini Mungu, na umpelekee huyo Mungu kifua chako apige picha. Hatakutangaza.

Nilipofika nyumbani siku ile ya Jumatatu, Bella alinikimbilia akaniruka shingoni, na alipocheka nilisikia mwishoni mwa kicheko chake kikohozi kimoja, kikavu. Kesho yake asubuhi, saa moja kamili, mama akiwa bado amelala kwa uchovu wa wiki nzima, nilimvalisha Bella sweta langu, nikambeba mgongoni, nikaenda naye kituo cha afya. Tulikuwa wa pili kwenye foleni. Nesi alipoita, nilisema kwa sauti, "Tupo," nikamweleza mambo yote, tangu kitanda kimoja mpaka influenza. Kidole cha Bella kiliandika tisini na nane. Nilimwomba nesi apime na cha mkono wa pili.